Pawa ya akaunti ya mzee: niliyowaambia wastaafu na watoto wao

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Na nyie vijana mliowaleta wazazi na bajaji habari zenu, njooni mkae mbele huku siyo mlangoni, maana leo nitawasema nyie zaidi kuliko wao.

Mimi nimekaa kaunta ya benki mpaka nikastaafu, mwanasheria siyo, naliweka wazi mapema mtu asije akanishika shati huko mbele. Nilichonacho ni macho ya kuona watu wanavyokuja na karatasi dirishani na wanavyorudi nayo. Mwenyekiti kaniomba niongelee hati ya uwakilishi, wengi mnaiita pawa ofu atoni, wengine pawa basi, ile ya kumruhusu mtoto au mdogo wako ashughulike na akaunti yako ya akiba wakati miguu yako haitaki tena foleni. Na ombi lake nalielewa, humu ndani wengi mna kiinua mgongo kimekaa benki, wengine mmekifunga fiksidi, ile akaunti ya muda maalumu, pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma hapa Tanzania, inaingia kila mwezi, na kila nyumba ina mtoto mmoja anayesema baba nisainie tu hiyo pawa mimi nitamaliza kila kitu.

Sawa, asainiwe, sikatai. Lakini anayesaini na anayesainiwa wajue wanapeana nini.

Hati ya uwakilishi ni mtu mzima mwenye akili timamu anamwambia mtu mwingine mzima, nenda ukanifanyie jambo hili na hili kwa jina langu. Basi. Hela inabaki ya mzee. Jina la akaunti halibadiliki, riba ni ya mzee, na ukienda kutoa unatoa hela ya mzee kwa shughuli ya mzee. Nimeona kijana anakuja na hati yake mkononi anaongea na tela, yule mhudumu wa dirishani, kama akaunti ni yake, anauliza "salio langu" ni shilingi ngapi. Hapo hapo tela anaanza kumwangalia vizuri, na mimi ningekuwa mzazi wake na mimi ningeanza kumwangalia vizuri.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza nauli. Unaenda kwa wakili, wakili ana hati yake kwenye kompyuta aliyomwandikia mtu wa kiwanja mwaka juzi, anabadilisha majina, anaacha yale maneno "kusimamia mali zangu zote na mambo yangu yote", anagonga mhuri, unalipa, unatoka umefurahi. Ukifika benki, tela anaisoma, anampelekea meneja, meneja anaituma kwa watu wao wa sheria, unaambiwa subiri, ukirudi unaambiwa haijitoshelezi. Watu wanakasirika wanasema benki wanazungusha. Wazee wangu, benki inataka kuona kitu kinachoonekana. Jina la benki, tawi, namba ya akaunti, na hii namba iandikwe kamili siyo "akaunti zangu". Halafu kazi zitajwe moja moja, je anaruhusiwa kuweka hela, kutoa, kuchukua stetimenti, kuhamisha kwenda akaunti nyingine, kuvunja fiksidi kabla haijaiva, kuomba kadi mpya, kuunganisha akaunti na simu, kufunga akaunti kabisa? Kila moja ni ruhusa yake. Ambayo haijaandikwa tela atakwambia hapana, na yuko sahihi, mfurahi kabisa akisema hapana maana siku nyingine anayeambiwa hapana ni mwizi.

Na mimi ushauri wangu ni msiandike zote. Mtoto anahitaji kulipia dawa na kumlipa kijana wa shamba, kuvunja fiksidi kunamhusu nini? Kufunga akaunti kunamhusu nini? Andika anaweza kutoa kwa mwezi kisichozidi kiasi fulani, kiasi mnakijua wenyewe, na andika mwisho wake, mwaka mmoja, ukiisha mkae muandike nyingine. Na kukopa kwa jina lako usiandike kabisa, hata akulilie. Wakili atakwambia hii hati ya jumla inatosha haina usumbufu, ndiyo, haina usumbufu kwa wakili.

Kuna vitu vidogo vinakwamisha watu mpaka huruma. Majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwajuma Ally, akaunti iliyofunguliwa zamani inasema Mwajuma Ali Hassani, hati inasema Bi Mwajuma A. Hassan, huyo kwa benki ni watu watatu. Sahihisheni majina kwanza ndiyo muandike hati, msianze na hati. Saini nayo. Mzee alifungua akaunti akiwa fundi sanifu mkono uko imara, leo mkono unatetemeka, saini ya kwenye hati haifanani na ile iliyoko kwenye faili, benki inaona kama imeghushiwa. Nenda na mzee tawini siku moja akiwa na nguvu abadilishe saini, apigwe picha upya, aweke na dole gumba kabisa, ni usumbufu wa asubuhi moja. Mkifika hapo ndiyo muulize benki yenu wanataka nini kwenye hati, maana kila benki ina utaratibu wake, kwa kawaida watataka hati halisi siyo fotokopi, vitambulisho vya wote wawili, paspoti saizi, saini ya mtoaji na ya anayepokea, mhuri wa wakili, na ushuru wa stempu uwe umelipwa. Wengine watampigia mzee simu. Wengine watataka wamwone kwa macho hata kama ni kumfuata kwenye gari nje. Msikasirike, pawa za kughushi zipo na wanaozileta mara nyingi ni ndugu.

Mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma naye anaweza kutoa hati, anaweka dole gumba, ila wakili amsomee kwa lugha anayoielewa, kama ni Kiluguru itafutwe namna ya kumweleza Kiluguru, na wakili aandike humo kwamba nimemsomea na ameelewa. Na hapa naomba niwaseme vijana kidogo. Tokeni nje. Mzee anaposomewa nyie kaeni kwenye benchi huko nje mnywe soda. Mzee akiulizwa "umekubali?" huku mtoto kamkazia macho, jibu lile ni la mtoto. Wakili mzuri atawatoa mwenyewe, asipowatoa mtafuteni mwingine.

Haya, sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta, hayo mengine ni ya kupitia tu. Lini hii hati inakufa.

Watu wanaiandika hati wakiwaza siku mbaya. Mzee akiugua akawa hajitambui, tunayo pawa. Mzee akifariki, tunayo pawa, tutatoa hela ya msiba. Wazee wangu na vijana, siku hizo mbili ndizo siku ambazo hati hiyo haifanyi kazi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 ikachukua nafasi ya ile sheria ya India tuliyokuwa tunatumia enzi za Mwingereza, inasema uwakala unakoma aliyeutoa akifa au akirukwa na akili. Na anayefanya kazi hiyo akifa yeye pia unakoma, haurithiwi na mke wake wala mtoto wake. Ukiifikiria unaona mantiki yake, mimi nakutuma wewe kwa sababu ningeweza kwenda mwenyewe, sasa kama mimi sipo au akili yangu haipo, nani anayekutuma?

Sasa kuna watoto wetu wako Uingereza wanasikia habari za huko wanapiga simu wanasema mama andika pawa hata ukisahau kila kitu itaendelea. Wanasema kweli ya huko. England na Wales wana hati ya aina yake, ilianza kutumika Oktoba 2007 chini ya sheria yao ya 2005, imetengenezwa makusudi idumu hata mtu akipoteza uwezo wa akili, na lazima isajiliwe kwenye ofisi ya serikali kabla haijatumika, na kuna mtu wa pembeni anayethibitisha kwamba mtoaji anaelewa na hajalazimishwa. Scotland wana ya kwao, ya sheria ya mwaka 2000. Lakini hiyo ni mashine ya huko. Hati ya kawaida unayoandikiwa na wakili hapa Morogoro haina mashine hiyo nyuma yake, hata ukiandika humo kwa wino mwekundu kwamba "itaendelea nikipoteza kumbukumbu" usitegemee tela akubali.

Kwa hiyo mzee akianza kusahau, nasema akianza, siyo akishasahau, hapo ndipo pa kukaa. Kuna kipindi kirefu mtu anasahau funguo na majina ya wajukuu lakini hela zake anazijua vizuri na anataka nini anajua, huyo bado ana uwezo wa kutoa hati, na ni busara daktari aandike hivyo kipindi hicho hicho ili baadaye ndugu wasiseme mlimsainisha hajielewi. Akishafika mahali hajui aliko, msimpeleke kwa wakili kumshika kidole mkigandamize kwenye wino. Hiyo siyo hati, hiyo ni kesi. Njia iliyobaki ni mahakama, ndugu wanaomba, daktari anatoa maelezo, mahakama inateua mtu wa kusimamia mali za mgonjwa na mtu huyo anatoa hesabu mahakamani. Inachukua muda, inachukua hela, inachosha. Ndiyo maana nasema mjipange mapema kwa njia ambazo hazitegemei pawa peke yake, nitazitaja.

Na akifariki. Hapa naomba utulivu. Mzee kafariki saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi mtoto mwenye pawa na kadi yuko ATM anatoa, anasema ni ya jeneza na mchele. Nia yake inaweza kuwa njema kabisa. Lakini kuanzia ile saa nane hela ile siyo ya mtu aliyemtuma tena, ni ya mirathi, na ina warithi, na wengine wako kwenye basi wanakuja kuzika. Stetimenti inaandika tarehe, miamala mingine mpaka saa na dakika. Nimeona familia zilizokuwa zinakula sahani moja zimekaa upande huu na upande huu kwa ajili ya mistari mitatu kwenye stetimenti. Njia ya kweli ni hii, cheti cha kifo kutoka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, maombi mahakamani, kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo, mahakama inateua msimamizi wa mirathi, na benki inamtambua huyo. Anaweza akawa yule yule aliyekuwa na pawa, anaweza asiwe. Kuwa na pawa hakukupi hata hatua moja mbele ya ndugu zako kwenye mirathi.

Hela ya msiba basi itoke wapi? Tenga pembeni ukiwa hai. Wengine wanaiweka kwenye chama cha kuzikana, wengine SACCOS wanapojaza jina la mrithi, wengine wanafungua akaunti ya pamoja na mke au mtoto. Ila ya pamoja nayo uliza kabla, mmoja akifa anayebaki anaweza kuendelea kutoa au inasimama mpaka mirathi? Inategemea mlivyojaza fomu siku ya kufungua, na watu wanajaza ile fomu wakiwa wamesimama, wanaazima peni, hawasomi.

Njia nyingine ambazo hazihitaji pawa hata kidogo. Benki nyingi zina fomu yao wenyewe ya kumruhusu mtu mwingine asaini kwenye akaunti yako, mnaenda wawili tawini, mnajaza pale pale mbele ya afisa, wakili hahitajiki, na kwa matumizi ya kawaida mimi naipenda kuliko hati kwa sababu benki imeiandika yenyewe haiwezi kuikataa. Inakufa na mwenyewe kama hati inavyokufa lakini haikugharimu kitu. Kuna saini mbili, hela haitoki mpaka wasaini wawili, mtoto na mama, au watoto wawili wasiopendana sana, na hao ndio wazuri. Kuna maelekezo ya kudumu, unaiambia benki kila tarehe 5 peleka kiasi hiki kwenye duka la dawa na kiasi hiki kwa anayenitunza, inajiendea yenyewe, na mtoto hagusi akaunti.

Kinachofanyika mitaani ni kingine kabisa, tusidanganyane. Mzee anampa mtoto kadi na namba ya siri, na laini ya simu yenye M-Pesa na namba yake. Hapo hakuna hati hakuna nini. Kwa benki aliyetoa hela ni mzee, kwa sababu kadi ni yake na namba ya siri ni yake, ikipotea milioni huwezi kwenda kulalamika, utaambiwa ulitoa mwenyewe. Na laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole vya mzee, mikopo ya simu itakayokopwa humo ni ya mzee. Namba ya siri siyo ruhusa, haimlindi mzee na haimlindi mtoto pia, kwa sababu mtoto mwaminifu naye siku akituhumiwa hana karatasi ya kuonyesha kwamba alitumwa.

Nyie mliopewa hati sasa, au mtakaopewa. Sheria inakutaka utoe hesabu, siyo kwa hisani yako. Nunua daftari. Tarehe, kiasi, cha nini, risiti unabandika humo humo. Hela ya mzee isipite kwenye akaunti yako hata kwa usiku mmoja, maana ikishachanganyika na mshahara wako hata wewe mwenyewe hutajua ipi ni ipi. Huwezi kumtuma rafiki yako akafanye kwa niaba yako, uliyeaminiwa ni wewe. Huwezi kujikopesha, huwezi kumpa shangazi zawadi kwa hela ya mzee kwa vile unajua angempa. Na stetimenti kila mwezi itupwe kwenye grupu la WhatsApp la familia, wote waione, hata yule anayeweka kidole gumba tu kwenye kila kitu, siku yakitokea maneno mtarudi kuiangalia.

Watoto walioko nje, Muscat, London, Minneapolis, wao wanatoa hati kwa upande mwingine, wanampa kaka aliyeko nyumbani ruhusa kwenye akaunti zao ili ajenge. Hati ya huko isainiwe mbele ya afisa wa ubalozi wetu, na ije yenyewe na mhuri wake, picha ya simu haitoshi. Mambo ya nyumba ambayo haikupanda zaidi ya msingi mnayajua, sitayarudia, ila wengi wao waliandika hati isiyo na kikomo cha kiasi wala cha muda. Weka kikomo. Na kiwanja kina taratibu zake za usajili ardhi, usidhani hati ya benki itakwenda kuuza kiwanja.

Kuifuta. Umetoa, umebadilisha mawazo, mna ugomvi, au huna sababu, ni haki yako. Andika barua, mpe mwakilishi, halafu wewe mwenyewe au mtu mwingine siyo yeye, peleka nakala benki, wagonge mhuri wa "imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yako. Benki ikiendelea kumlipa kabla haijajua umefuta, hiyo huwezi kuidai, wao walikuwa hawajui. Kumnyang'anya karatasi tu haitoshi, ana fotokopi na tela anamjua sura.

Mliuliza maswali mazuri, mawili niyaandike na hapa.

Mama mmoja aliuliza, mume wangu amelazwa, mimi ni mke wa ndoa, cheti ninacho, kwa nini benki inaniambia sina ruhusa? Mama, ndoa haikufanyi mwakilishi kwenye akaunti yenye jina lake peke yake, wala yeye hawi kwenye yako. Kama anajitambua hospitalini, omba benki itume afisa na fomu wodini, wengine wanafanya hivyo ukiandika barua, na wakili naye anaweza kuja wodini. Fanya wiki hii, usingoje hali ibadilike.

Kijana mmoja akauliza huku anacheka, je mwakilishi anajilipa? Watu wakamzomea, lakini swali lake ni la haki, anaacha biashara yake, anapanda daladala, anapiga foleni kwa ajili ya wote. Hajilipi kwa kujikadiria. Mkikubaliana alipwe nauli na muda wake, kiasi kiandikwe ndani ya hati, mzee asaini akijua, na kila akichukua aandike kwenye lile daftari kama matumizi mengine.